Nyumba ya Padre Haitavuka Masika

Kijiji cha Lundo,
S.L.P. Mbamba Bay.
16 Oktoba 1994

Mpendwa Shemeji Baltazar,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo? Dorothy na watoto, huko Tanga wazima? Sisi tunaendelea, ila mama miguu imemvimba, na mimi chakula hakipiti vizuri tangu tumzike kaka yako Damiano mwezi wa sita.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwalimu Romanus. Unasema Krismasi mtakuja, na utatanguliza mifuko mingine ya saruji tumalize Nyumba ya Padre kwa heshima ya marehemu. Asante, Shemeji. Lakini naomba usiitume.

Nyumba inaanguka.

Unajua padre Mwingereza alivyoijenga: mawe ya ufukweni na udongo mtupu, siku za Malkia Viktoria, babu yenu akibeba mawe kichwani, hata misheni ikaja kumwachia baba yenu. Karibu miaka mia akina mama waliipaka udongo mweupe kila mwaka kabla ya Pasaka, nayo ikasimama. Mwaka juzi, saruji ilipoanza kupatikana madukani, ukatuma ile mifuko, na Damiano akapiga lipu ndani na nje. Watu walikuja kuishangaa. Mama peke yake ndiye aliyekataa: "Mnaivalisha koti na kuifunga vifungo mpaka shingoni. Jasho itatolea wapi?" Damiano akacheka: "Mama, nawe! Kanisa la Mbinga lina saruji tele, umelisikia likikohoa?"

Masika ile ile unyevu ulipanda kutoka chini, ukakosa pa kutokea. Nyuma ya lipu udongo umekuwa uji. Sasa lipu inabanduka vipande vikubwa kama mlango, na mawe yanafuata. Ukuta wa upande wa ziwa umepasuka mpaka dirishani. Fundi Mansuetus wa Litumbandyosi aliugonga kwa ngumi tu, akaniambia, "Dada Eunice, hapa sina la kufanya. Ondoeni bati kabla ya mvua, usije ukawalalia."

Kaka yako alijua. Alipokuwa mgonjwa alikuwa akiugonga ukuta kutoka kitandani, anasikiliza. Siku moja akasema, "Balta asiambiwe. Alitoa kwa moyo." Nimenyamaza miezi minne. Leo nimeshindwa, maana ungeleta mingine. Hukukosea, Shemeji, wala yeye hakukosea. Tuliipenda tu.

Mama hasemi kwamba alituonya. Afadhali angesema.

Jumamosi tunaezua. Mimi na mama tutahamia jikoni. Mkija, mtalala kwa dada yenu Kunigunda. Watoto hawataikuta nyumba, na sijui nitawaonyesha nini.

Msalimie Dorothy, na Glorious, na yule mdogo ambaye bado sijamwona. Mama anawaombea, na Kunigunda anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mkienda kusali, mnikumbuke.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Eunice