Dakika Kumi na Moja za Sauti ya Pili

Kwako Shangazi Nakhumicha, pole kwa kazi ya kusikiliza shida za watu, nami leo nakuongezea yangu, na ukiona naandika nikicheka kidogo usidhani nafanya mzaha, ni vile tangu Jumanne nina aibu na wakati huo huo napumua kama mtu aliyevua viatu vya kubana baada ya harusi, na sijui kama huko kupumua ni dhambi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkulima huku Ngoliba, shule niliachia darasa la nane, lakini kwa kwaya ya kanisa letu naongoza sauti ya pili mwaka wa ishirini na sita sasa na solfa, zile noti za do-re-mi, naisoma kuliko gazeti. Kwetu noti inaimbwa kama ilivyoandikwa, mikono chini, mwili umetulia, hakuna kupindapinda sauti, na hata ile kanuni iliyobandikwa kwa ukuta wa chumba cha mazoezi niliiandika kwa mkono wangu: "Mwimbaji asiongeze wala kupunguza."

Sasa mwaka huu alikuja msichana anaitwa Viola, anasoma chuo huko Juja, na sauti yake Shangazi, Mungu hakuwa na haraka siku ya kuiumba, lakini ukimpa solo anapanda na kushuka juu ya noti moja kama mtu aliye kwa ngazi, anavuta neno mpaka linalia, watu wanapiga vigelegele kabla ubeti haujaisha. Mimi ndiye niliambia kamati kwamba huyu anajiimbia mwenyewe sio Mungu, tukamsimamisha, hii ni wiki ya tatu na tamasha la kwaya la Thika liko karibu. Akitoka aliniuliza tu, "Mum, kwani wewe ukiimba husikii kitu?" Nikamjibu, "Kazi yetu ni kuimba, kusikia ni ya walioketi."

Basi Jumanne asubuhi nilikuwa nachambua ndengu, na kwa vile wengine wetu wanakaa mbali, Mwihoko, Juja, Thika mjini, huwa naimba sauti ya pili kwa simu naituma kwa kundi letu la WhatsApp ili kila mtu ajifunzie kwake. Nikaiacha simu ijirekodi yenyewe kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi, nikaimba sehemu yangu sawasawa, nikasahau kuzima, nikaendelea na ndengu zangu. Na nikiwa peke yangu Shangazi siimbi vile naimba kanisani. Naimba kama marehemu mama yangu, Nzisa. Napinda, navuta, machozi yanatoka, nikifika kwa kiitikio napiga kigelegele mpaka kuku wanatimua mbio. Baadaye nikachukua simu nikidhani ndani yake ni ile sehemu tu, nikatuma, nikaenda kusagisha mahindi. Kurudi, ujumbe sitini na tatu. Nilikuwa nimetuma dakika kumi na moja!

Tabby wa sauti ya kwanza ameandika, "Haiya! Kumbe kuna Mama Kyengo mwingine na mmetuficha?" Na Viola, ambaye tulimtoa kwa kwaya tukasahau kumtoa kwa kundi, ameandika, "Aki Mum, nimelia hapa hosteli. Kumbe unasikia."

Halafu akapiga simu Mzee Maluki, ambaye alikuwa kwa baraza la kanisa tangu nikiwa mtoto. Akasema, "Nilifikiri ni Nzisa." Halafu akaendelea, "Mwaka wa sabini na nane mimi ndiye nilisimama kikaoni nikataka mama yako atolewe kwa kwaya, kwa kuimba hivyo hivyo. Tulikuwa tumetoka kubishana juu ya kupiga makofi. Baadaye tukabishana juu ya ngoma, halafu gitaa, tukasema hiyo ni ya baa. Sasa Jumapili ngoma ikikosa hata sijui kama ibada imeanza. Lakini mama yako hakuna aliyerudi kumwambia."

Mimi nilijua mama alitolewa, sikuwahi kujua kwa nini. Yeye aliniambia neno moja tu nilipojiunga na kwaya: "Imba kama ilivyoandikwa, hawatakugusa." Hiyo ndiyo nimebandika kwa ukuta Shangazi, uoga wa mama yangu, nikidhani ni utakatifu.

Sasa mwenyekiti wetu Gichuru, mtu mzuri, amenipigia akasema, "Mama Kyengo, hii maneno ni rahisi. Jumamosi kwa kikao ambia kamati ulikuwa unatuonyesha vile haifai kuimbwa. Tumalizane." Na watu wangeamini. Je, nikubali ili kwaya isigawanyike kabla ya tamasha, ama nijiuzulu kimya kimya? Jina langu usifiche, kundi lote limeshanisikia.

Mama Kyengo, Ngoliba

*

Mama Kyengo, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka hapo kwa kuku. Hapana, kupumua si dhambi. Umebeba sauti mbili miaka ishirini na sita, moja ya kanisani na nyingine ya ndengu. Nani asingechoka?

Lakini sitakubembeleza. Wiki tatu msichana wa watu amekaa hosteli akiambiwa anajiimbia mwenyewe, na aliyemwambia anajua kabisa kile alichokuwa anasikia. Ulimjua kwa sababu ulijijua. Hilo ni kosa, na ni lako.

Alichokuambia Gichuru usikifanye. Anapenda amani, namwelewa, lakini ukisimama Jumamosi useme ulikuwa unaonyesha makosa, utakuwa umemtoa Viola mara ya pili, na mama yako pia, safari hii kwa mkono wa binti yake. Kujiuzulu nako ni kukimbia, tena ungemwachia nani sauti ya pili?

Fanya hivi. Kabla ya Jumamosi nenda Juja mwenyewe. Usimpigie Viola simu, na hiyo WhatsApp iache kabisa, imekufanyia kazi ya kutosha. Keti naye umwambie, "Uliniuliza kama nasikia, nikakudanganya." Usiongeze sababu. Halafu umpitie Mzee Maluki, aje kikaoni. Yale aliyokuambia kwa simu ayaseme mbele ya watu, alitaje jina la Nzisa, maana hapo hapo ndipo lilipotolewa. Wewe ukisimama, kiri kwamba ile rekodi ni wewe na ulikuwa unamaanisha, kisha uombe Viola arudishwe siku hiyo hiyo.

Na ile kanuni? Usiichane kwa hasira. Watu arobaini wakipinda sauti kila mtu kivyake, hiyo ni soko, na Gichuru atakuwa na haki ya kulalamika. Iandike upya, kwa mkono ule ule: kwaya ifuate noti, mwenye solo aachiwe moyo wake. Wajukuu wenu watapata kitu kingine cha kubishania, usijali.

Siku ya tamasha, Viola akianza kupanda zile ngazi zake, utatamani kupanda naye. Usipande. Shika noti yako kama ilivyoandikwa, nyoofu, bila kutikisika, si kwa uoga tena. Akiwa huko juu, msichana atahitaji kusikia mahali pa kurudi.