Sina Njaa, Nilimwambia Mama Atieno

Nyalenda, Jumanne, Juni 1971

Ugali wa jana niliutupa asubuhi bila kuuonja. Tangu nihamishiwe Kisumu nikamwacha mke wangu, Wanjiku, Nyeri, chakula hakipiti.

Halafu nikaenda kuwafundisha wanafunzi wa ualimu kwamba tumbo likiwa tupu, mwili wenyewe humsukuma mtu ale. Wakaandika yote. Mimi niliona aibu.

Jioni nilikuwa bombani nachota maji. Jirani yangu, Mama Atieno, akanitazama.

"Mwalimu, umekonda. Kuja ukule na sisi."

"Asante Mama, sina njaa."

"Nani amekuuliza njaa? Kuja ukae."

Nikamfuata kwake, nikakaa. Watoto wake waligombania kichwa cha ngege, samaki wa ziwani, naye akawakaripia kwa Kijaluo. Sikuelewa hata neno moja, lakini mate yalinijaa mdomoni. Nilikula mpaka nikaona haya, na bado akaniongeza.

Sasa nimeshiba, na nimelia kidogo. Nimekuwa nikimwambia Wanjiku asubiri mpaka nipate nyumba nzuri. Hapana. Aje tu, tutabanana katika chumba hiki kimoja.