Memori Kwanza, Diski Baadaye

Rumonge, 3 Machi 2025

Binti yangu Fahima,

Amahoro, mama. Mimi baba yako ni mzima, ukiacha magoti. Wewe na mtoto hamjambo? Anselmo dereva aliponiambia umemwita Raisa, jina la marehemu mama yako, nililia mbele yake bila haya. Mungu amkuze.

Umeomba picha moja ya mama. Za karatasi zote zilikwenda na nyumba ziwa lilipopanda mpaka kwetu Gatete. Zilizobaki zimo ndani ya ordinateri, hiyo kompyuta ya studio yangu ya picha, maelfu kwa maelfu, na hazina majina. Mama yako yumo, amesimama mlangoni kwetu na kitenge cha njano. Naikumbuka siku niliyoipiga kama jana. Lakini nikianza kuitafuta, mashine inaganda kabla sijafika kwake. Watu wa Gatete nao wanakuja kuulizia picha za nyumba zao, nawarudisha mikono mitupu. Wewe ndiye fundi, niambie tununue kitu gani.

Baba yako,
Ayubu


Kigoma, 9 Machi 2025

Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, Raisa kazi yake kunyonya na kulala. Magoti yanaendeleaje? Nakupigia simu hupokei, na ukipokea unasema mtandao mbaya, unakata.

Mashine ikiganda hivyo, mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. Huenda memori ni ndogo, yaani meza ya kufanyia kazi imejaa. Au diski, ambayo ndiyo kabati lenyewe la picha, imechoka. Pesa niliyo nayo kabla sijarudi kazini kule dukani inatosha kimoja tu, na hicho ni memori. Diski itabidi isubiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima redio, washa mashine, weka sikio karibu na boksi. Diski inayokaribia kufa hugonga, tik, tik, kama kucha juu ya meza. Ukisikia hivyo, izime, usiiwashe tena hata mteja akulilie, mpaka nipate ya kuhamishia picha. Isipogonga, nakutumia memori.

Binti yako,
Fahima


Rumonge, 15 Machi 2025

Mama Raisa,

Amahoro. Huku tu wazima, petroli tu ndiyo haionekani. Mjukuu wangu keshaanza kucheka?

Nimezima redio, nimeweka sikio mpaka shavu likajaa vumbi. Kimya kabisa. Mashine hii ina adabu kuliko nyinyi wanangu wote mlipokuwa wadogo. Tuma hiyo memori.

Baba yako,
Ayubu


Kigoma, 21 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Umeniondolea mzigo moyoni. Memori ninampa Anselmo, nimeifunga ndani ya soksi ya mtoto. Imetolewa kwenye mashine ya zamani kama yako, maana za siku hizi haziingii kwenye nafasi yake. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi kwanza, kisha sukuma mpaka isikike "ka" pande zote mbili.

Ukishampata mama, mweke kwenye flashi siku hiyohiyo. Arobaini ikiisha na mafuta yakipatikana, tunakuja.

Binti yako,
Fahima


Rumonge, 7 Aprili 2025

Fahima mwanangu,

Amahoro. Natumaini mko wazima. Mimi mwili ni mzima.

Memori iliingia, nilihisi kwa kidole. Mashine ikapata nguvu. Nilipita harusi, nikapita matanga, nikaiona nyumba ya jirani yetu Pontiani na ule ukuta wake wa bluu. Nilikuwa nimeukaribia mwaka wa picha ya mama yako.

Hapo akaingia Lukeba, yule Mkongomani anayenunua ndagala, dagaa wa ziwani, kule Magara, alitaka picha ya pasi. Akainama, akatazama chini ya meza. Aliniuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyoniuliza wote sasa.

"Muzee, iko mutu anagonga?"

Nikamuuliza wapi. Akaweka mkono juu ya boksi.

"Hapa. Hausikie?"

Nikaweka wangu kando ya wake. Kulikuwa na mtikisiko mdogo, kama kifaranga ukimshika.

Mwanangu, sisikii. Tangu mwaka jana sikio la kulia limekufa, na la kushoto linataka mtu apige kelele. Ndiyo maana mtandao ni mbaya kila siku. Niliogopa ukijua utasema nifunge studio. Uliniambia niweke sikio, nikaweka. Nilikuandikia kimya kwa sababu kwangu kila kitu ni kimya.

Niliizima palepale. Asubuhi niliiwasha mara moja tu, nimtafute mama yako. Haikufunguka. Nimeitoa diski, nampa Anselmo akuletee.

Baba yako,
Ayubu


Kigoma, 2 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Pole kwa masikio. Pole pia kwa kubeba jambo hilo peke yako.

Diski ilifika. Nimefanya yote ninayoyajua na mengine niliyoelekezwa. Inagonga kidogo, inanyamaza. Wapo watu Dar wanaofungua diski kama hii, lakini bei yao siwezi kuifikia hata nifanye kazi mwaka mzima bila kula. Imekaa kabatini, sijui niifanyeje.

Usijilaumu. Memori niliichagua mimi. Nimekopa dukani nikununulie diski mpya, ila gari la Anselmo liko foleni ya petroli, itafika itakapofika. Jana Raisa alicheka kwa sauti. Nilichukua simu nikupigie, kisha nikaiweka chini.

Binti yako,
Fahima


Rumonge, 16 Juni 2025

Fahima,

Amahoro, wewe na mtoto. Murakoze, asante sana, diski imefika. Irakoze, yule dada anayetengeneza redio sokoni, amenisaidia kuiweka. Mashine inawaka kabla sijakaa vizuri. Hakuna kinachoganda, kwa kuwa hakuna mtu ndani.

Watu wa Gatete hawajaacha kuja. Nawapa kiti, wananisimulia nyumba zao zilivyokuwa, nami natazama midomo.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Kile kitenge cha mama yako, nilikuandikia kwamba kilikuwa cha njano. Tangu wiki iliyopita naona kama kilikuwa cha kijani, na nikifumba macho kinabadilika tena. Wewe unakumbuka? Niandikie, usipige simu.

Baba yako,
Ayubu