Walii Aliye Darjeeling

Eve, nimekimbilia jikoni. Usipige, andika tu.

Wazee wa kina Sele wamekuja kumaliza maneno ya posa yangu. Unajua baba yangu alishafariki, kwa hiyo walii ni kaka Muzamil, na bila ruhusa yake siolewi. Na Muzamil si yuko India, anasoma Darjeeling, mwaka wa pili huu.

Mama akawaonyesha zile picha zake. Kitreni kinapanda mlima na moshi wake, kinapita milangoni mwa maduka mpaka wauzaji wanavuta meza ndani. Wazee wakasifu sana.

Nikampigia. Nikaweka spika mimi mwenyewe. Mimi, Eve.

"Asalaam aleikum wazee wangu. Huku ukungu mtupu, hata reli siioni."

Hapo ikaadhiniwa adhuhuri. Dirishani, na kwenye simu. Sauti ile ile. Mzee wetu wa msikiti hapa Bagara, si unajua anavyokohoa katikati ya adhana? Akakohoa dirishani, akakohoa kwenye simu.

Muzamil akakata. Sasa hapatikani.

Ndiyo nimekumbuka, kwenye picha zote zile za treni, yeye hayumo hata moja.

Mjomba wake Sele hakugomba. Alisema taratibu, "Kama walii yupo hapa hapa Babati, simu ya nini. Tutamsubiri aje."

Bado wamekaa sebuleni, Eve.

Mama yuko hapa na mimi. Amepakua sahani moja ya pilau, ameifunika, ameiweka pembeni, pale alipokuwa akimwekea Muzamil.