Simu ya Kusema Imehamia Mlabani

Mlabani, Ifakara
Mwezi wa nne, 1912

Mpendwa mwanangu Pantaleo,

Mimi baba yako mkubwa Leodegar nimekwisha pita miaka sabini, na meno ninayo ya kutosha kula mahindi ya kuchoma. Wahehe waliokuja kuteka watu nimewaona wakija na wakienda. Nzige, ndui, ile vita ya maji na njaa yake, vyote vilinikuta hapa na vyote vikaniacha hapa hapa. Mwaka huu na mto nao umejaribu.

U hali gani huko Morogoro kwenye kazi ya reli? Shikamoo yako uliyompa Viktor imefika, marahaba sana. Sisi wazima. Mama yako Kandida mzima, kifua tu kinambana asubuhi, naye analala nyumbani kwangu. Lishike hilo kabla hujasoma mengine, maana najua umesikia huko kwamba vita imerudi Ifakara. Haijarudi. Nimeizuia mimi.

Unajua boma la Wadachi liliweka simu ya kusema ndani ya nyumba yangu kule kivukoni, kwa sababu mkubwa wa mitumbwi ni mimi. Mdachi akitaka kuvuka na wapagazi wake, kengele inalia, nami napeleka mitumbwi. Basi mto ukapanda, ukaingia hadi kitandani, tukahamia huku juu Mlabani. Kisanduku cha simu nilikibeba kichwani mwenyewe, mto ukinifika kifuani. Lakini waya ulibaki kule kwenye matope, bubu.

Watu wakasema, ni simu tu, iache hadi kiangazi. Wajinga! Wewe ulikuwa mdogo, lakini unakumbuka vita ile ilivyoanza. Waya ulikatwa, bomani hawakusikia neno, kisha askari wakashuka wakachoma maghala. Tangu hapo waya ukinyamaza, wao wanajua ni vita tena. Na nani angekwenda kuwaambia sivyo, njia yote ikiwa imezama?

Fundi wa simu yupo hapa, jina lake Dionisi. Nikamwambia, "Unganisha."

"Mzee, bila amri ya boma siunganishi."

"Na amri inakuja kwa njia gani?"

"Kwa simu."

Nikampa kasia. "Panda mtumbwi," nikamwambia, "kabla sijakutupa ukaitafute amri yako kwa mamba."

Tukauokota ule waya, tukauvuta mti kwa mti. Dionisi akasema waya usiguse mti wenyewe, unataka kioo katikati. Nikaenda misheni, Padri akanipa chupa tupu za divai ya misa. Ukija utaziona shingo zake zinang'aa mpaka mlangoni kwangu. Siku tuliyoanza ndiyo siku tuliyomaliza. Hao mafundi wenu wa reli wanaweza hayo?

Nikazungusha mpini, nikaweka pembe ya kusikilizia sikioni. Karani wa bomani ni Hermenegildi, mtoto wa kaka yake mke wangu, mama yako mkubwa Margareta. Akaruka kama ameumwa na nyuki: "Nani huyo? Nani amekata waya?"

Nikapaza sauti anisikie vizuri. "Maji!"

"Unasema nini, mzee?"

"Maji! Maji! Yameshika Ifakara yote! Yamefika hadi Malinyi! Watu wote wametoka majumbani!"

Mara nikasikia firimbi, na viatu vingi vinakimbia, na mtu anaita bunduki. Mwanangu, ndipo nilipojua nimetamka neno gani. Ndilo walilokuwa wakipaza watu wakati wa vita ile, wakienda kufa.

Margareta akaninyang'anya pembe. "Wewe Herme! Mimi shangazi yako. Mto umefurika! Umechukua kuku wangu wa mayai, na yule jogoo mwekundu uliyenipa Pasaka! Chumvi yote imeyeyuka, sina hata sufuria, na huyu mzee anajua kupiga kelele tu. Hata pole huniambii?"

Ikaja sauti ndogo: "Pole, shangazi." Na tukamsikia akimwita bwana wake: "Si vita, Bwana. Ni jogoo."

Askari walikuwa wamekwisha kufunga mizigo, Pantaleo. Wakafungua.

Sasa tumekaa vizuri, watu wanalala usingizi. Kengele inalia kila siku, wanauliza hali ya mto, nami najibu "mafuriko", kama Dionisi alivyonifundisha. Lile neno jingine silisemi tena karibu na kisanduku, hata nikiwa na kiu. Nasema, nipe kile cha mtungini.

Msalimie mkeo Aurelia, na Viktor anayekuletea barua hii mwambie asinywe sana huko. Mama yako anakubariki, nami nakubariki. Mungu akuweke mahali pa juu, pakavu, penye chakula.

Akibisha mtu huko, amwulize Dionisi, amwulize Padri chupa zake ziko wapi, amwulize Hermenegildi bomani. Margareta msimwulize. Yeye atasema ni jogoo.

Mimi nikupendaye siku zote,
baba yako mkubwa,
Leodegar, mkubwa wa mitumbwi