Mikono Ndani ya Mtungi

Jumatatu, 6 Oktoba

Udongo tena. Kukanda, kupiga, kukunja, kukanda. Sir anataka usibaki na hewa hata chembe. Mguu wa kushoto usukume gurudumu la chini, mwili wa juu utulie tuli. Wangu hautulii. Leo ukuta wa mtungi ulifika kiunoni, ukapinda, ukaanguka. Sir akacheka. Mzee wa Kikorea, bega lake la kulia halinyanyuki tena, lakini nguvu ya kucheka anayo.

Sikuja Dubai kufinyanga. Nilikuja kulinda lango la ghala hapa Ras Al Khor. Siku moja nilimpitishia Sir, jirani yetu, kifurushi juu ya geti bila kunyanyua visigino. Akaitazama mikono yangu kama mtu anayechagua mbuzi. Haukupita muda, viza yangu ikawa chini yake. Mitungi yake ni ile ya kwao ya kuchachushia kabichi na soya, inamfika mtu kifuani. Mwenye mikono mifupi haufikii mwisho wake. Mimi naufikia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeomba likizo. Rukia atajifungua mwezi ujao, mtoto wetu wa kwanza. Nilimwahidi nitakuwepo Malindi, nimpokee mtoto na kumwadhinia mwenyewe kwenye sikio la kulia. Baba aliniadhinia mimi. Hili si jambo la kumwachia mtu.

Sir akasema: "Mtungi mkubwa kwanza. Mmoja, utoke tanurini mzima. Halafu likizo, inshallah." Si Mwislamu. Neno hilo kalipata hapahapa, na kinywani mwake maana yake ni hapana. Pasipoti yangu imo kwenye kabati lake la chuma. Nikalitazama kabati. Yeye akanitazama mimi. "Yalla," akasema, tukarudi kazini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kitako cha mtungi nakiweza sasa. Kisha unabeba begani kamba ya udongo nene kama mkono, unaizungushia juu ya ukingo, unaibana. Mkono mmoja ndani na kipande cha mti, mwingine nje na kibao. Gonga, gonga, zungusha. Tatizo ni kwamba ukipanda juu, chini bado kubichi, hakuhimili uzito. Basi Sir ananing'iniza kopo la makaa ndani ya mtungi ili chini pakauke, halafu ananiambia nipenyeze mkono pembeni ya makaa hayohayo. Nywele za mkono wa kushoto zimekwisha. Nanuka kama kichwa cha mbuzi siku ya Idi.

Leo ukuta ulipanda vizuri. Nilifurahi. Baadaye nikajikasirikia kwa kufurahi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mtungi wa kwanza kutiwa moto umetoka na ufa toka mdomo hadi tumboni. Hewa. Safari hii Sir hakucheka. Nilikwenda kuswali Ijumaa, hotuba yote sikusikia kitu.

Otieno, aliyechukua nafasi yangu getini, aliniletea chai. "Buda, hiyo mikono yako ndo imekuponza," akasema. "Ungekuwa mfupi kama mimi, saa hii uko home." Anatania, lakini ni kweli tupu.

Jumatatu, 3 Novemba

Rukia kauliza leo bila kuzunguka: "Unakuja au huji? Niambie nijue moja." Nikasema nakuja. Hakuamini. Ananijua.

Kisha akasema mama yake ameshapata njia. Nisipofika, mtoto akizaliwa watapiga simu, waiweke sikioni mwake, niadhini hukuhuku. "Wewe uwe karibu na simu tu, baba. Hilo tu." Nimeapa. Simu haitoki mfukoni, hata chooni naingia nayo.

Mtungi mpya naanza kesho. Huu nitautoa mzima hata kama mkono utabaki humo.

Jumatano, 12 Novemba

Mkono umebaki humo.

Niandike ilivyokuwa. Ukuta ulikuwa kifuani, nimeanza kuuvuta ndani kutengeneza bega. Hapo ndipo pabaya kuliko kote. Ukiuachia kidogo, mtungi mzima unaketi. Nilikuwa nimeinama, kichwa ndani, mkono ndani hadi kwapani. Simu ikalia mfukoni. Mlio wa Rukia, niliuweka mimi mwenyewe. Nikajua papo hapo.

Sir akapaza sauti, "Usiache! Usiache!"

Nikitoa mkono mtungi unaanguka, na likizo inaanguka nao, na mtoto sitamwona hadi Mungu apende. Nikaona bora nimwone. Simu ikakatika. Ikalia tena. Humo ndani mlio ulikuwa mkubwa, kama unatoka kwenye udongo. Ikalia mara nyingine, ikakoma.

Nikamaliza bega. Nikatengeneza mdomo, nikaulainisha kwa kitambaa kibichi. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Mtoto wa kike, mzima. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Athmani, kaka yake Rukia, amemwadhinia. Walinisubiri, kisha hawakuweza kusubiri zaidi.

Alhamisi, 13 Novemba

Rukia hapokei.

Jumatano, 19 Novemba

Leo wamempa mtoto jina. Sikuulizwa. Nilimpigia Athmani, akasema, "Muulize mkeo, shemeji. Mimi nisiingie kati." Mke hapokei, sasa nimuulize nani?

Mtungi unakauka kivulini chini ya gunia bichi. Naugeuzia mgongo nikipita.

Ijumaa, 28 Novemba

Umetoka mzima.

Kahawia iliyokoza, majivu tuliyoupaka yameyeyuka na kutiririka vizuri mabegani. Sir aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukaitika. Akaugonga tena. Akafuta macho kwa mkono mzima, akanishika shingoni kama mwanawe. Nikangoja aliendee kabati.

Akasema hoteli iliyoagiza inataka miwili, ikae pande zote mbili za mlango. "Mmoja bado. Halafu likizo, inshallah."

Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Nikikosea siendi, nikipatia siendi. Nimekaa kwenye magunia mpaka Otieno akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa.

Jumanne, 9 Desemba

Mtungi wa pili leo ulifika begani. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kichwa ndani, mkono ndani hadi kwapani. Simu ikalia. Mlio wa Rukia, tangu siku ile sijausikia.

"Usiache!" Sir akasema.

Nikautoa mkono.

Sikunawa. Nilipokea na udongo hadi kwapani. Rukia hakunisalimia. "Kaka yangu ameshamwadhinia," akasema. "Lakini wewe hajakusikia." Kisha nikasikia pumzi ndogo, karibu sana, na sauti ya mama mkwe kwa mbali ikisema subhanallah, shika simu vizuri.

Niligeukia Kibla, mbele yangu magunia ya udongo, nikaadhini. Taratibu, sauti ya chini, kama baba alivyonifundisha. Nyuma yangu gurudumu liliendelea kuzunguka lenyewe, likipungua mwendo. Bega la mtungi likashuka, kisha tumbo likafunguka, kisha wote ukalala. Udongo mbichi hauna kishindo. Nilipogeuka, Sir alikuwa ameukumbatia kwa mkono wake mmoja, kifua kimejaa tope.

"Amenyamaza," Rukia akasema. "Anasikiliza." Kisha akaniambia jina.

Sir hakunigombeza. Alitazama simu, akanitazama mimi. "Baby?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Tukaukusanya udongo pamoja, tukaumwagia maji, tukaufunika. Kabati halikufunguliwa. Kesho naanza kuukanda upya.

Anaitwa Zuhura.