Dakika Kumi za Kufuli

Jumamosi, Kambu. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai. Mwili ni mzima. Roho ndiyo inauma kidogo, kama jino.

Leo nimemwona Mutua akicheza mpira. Kwa mara ya kwanza.

Na ni mimi niliyemfanya maarufu. Mimi, mwalimu wa darasa la tano, kitambi mbele, ndiye ninayeripoti mechi zetu gazetini, ingawa gazeti huandika tu "mwandishi wetu". Ripoti husafiri na basi la Nairobi, nalo hupita stendi mechi ikiwa imebakisha dakika kumi. Kwa hivyo msimu mzima hizo dakika kumi nimezitunga kichwani, kisha nikakimbia barabarani na bahasha.

Mutua, beki wetu wa akiba, huingizwa dakika hizo hizo, kulinda ushindi. Nikambatiza Kufuli. Niliandika kwamba akishaingia, kipa anaweza kwenda kunywa soda. Watu wa hapa walimwona kwa macho yao, lakini gazeti likishasema, nani abishane?

Leo basi halikuja. Nikabaki.

Na leo ndiyo alikuja mzee wa klabu moja ya Mombasa kumtazama, ripoti zangu zimepangwa kwenye faili. Mutua aliacha kazi jana pale kituo cha petroli. Alimwambia tajiri wake, mbele ya wateja, kwamba mtu wa gazetini hawajazii watu mafuta.

Tulikuwa mbele mabao mawili. Akaingia akipunga mkono.

Jamani. Anageuka kama trela. Bao la kwanza alimpisha mshambuliaji njia kama mtu aliyekutana na mama mkwe. La pili lilimkuta ameketi. La tatu alilifunga mwenyewe, kwa kichwa, langoni mwetu, na lilikuwa zuri kuliko yote.

"Mwalimu, hiyo kufuli ulinunua wapi?" muuza matikiti akaniita. "Irudishe, bado iko na karatasi yake."

Nilicheka kuliko wote.

Baadaye mzee wa Mombasa aliniuliza kama namjua huyo mwandishi wetu. Nikasema amesafiri.

Mutua alinifuata mpaka nyumbani, viatu vya mpira mkononi. "Mwalimu, andika niliumia goti. Tajiri husoma gazeti. Nataka kumwomba anirudishe."

Nikamwambia nitaona.

Nimeketi nikaandika mabao yote matatu, hata lile la kuketi. Mke wangu nilipomsomea alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Goti halimo. Nilijiambia kwamba hii ndiyo ripoti yangu ya kwanza ambayo kila neno nimelishuhudia, na siwezi kuiharibu kwa uongo.

Mimi, niliyeandika uongo msimu mzima na kulala usingizi mzuri.

Goti lingekuwa mstari mmoja tu. Bahasha nimeshaibandika, na asubuhi itaondoka. Kwa nini ukweli nimeuanzia kwa Mutua?